Kifua cha Mama Akinyi

Wiki jana tulifungua mkebe wa barua za marehemu shosho, nyanya yangu, na harufu ya moshi wa kuni ikanirudisha kwa alasiri moja kule Njoro. Shosho hakujua kusoma. Rafiki yake Mama Akinyi alikuwa amehamia Naivasha kufanya kazi kwenye shamba la maua, na mimi ndiye niliyesoma barua zake na kuandika majibu.

"Andika: mimi ni mzima, sijui wewe. Kifua kinaendelea aje? Mbuzi je? Sasa rudi kwa kifua, muulize kama alienda hospitali."

Nje wenzangu walikuwa wakiruka kamba wakihesabu kwa sauti. Niliona shosho anarudiarudia salamu bure, nikaandika kwamba sisi ni wazima na mvua imenyesha, basi.

"Umeandika yote?"

"Yote, shosho."

Katika barua ya majibu ya Mama Akinyi kulikuwa na mstari ambao sikumsomea. Wiki jana niliusoma tena: "Siku hizi hata kifua changu huniulizi."

Haikuja barua nyingine. Kwa miaka shosho aliniuliza, "Kwani nilimkosea nini Mama Akinyi?" Nami, hata nikiwa mtu mzima, nilimjibu kwamba sijui.