Moto wa Matanga Nyumbani kwa Dancille

Kabla hajawa mjane, Dancille alijulikana miongoni mwetu kama mwanamke mwenye nyumba ya joto. Wengi wetu hapa Sweden tulikaa kwenye maghorofa, mimi kule Hagsätra, ambako joto hutoka kwenye vyuma vya ukutani na mpangaji hajui nani analiwasha. Yeye na mumewe Désiré walinunua nyumba ndogo ya mbao nje kidogo ya Södertälje, na sebuleni wakaweka jiko la kupashia nyumba joto lenye mlango wa kioo, linalokula peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vipande vidogo. Ukivishika mkononi utadhani ni chakula cha kuku. Unajaza tangi lililo nyuma ya jiko, parafujo inayozungushwa na umeme inavisukuma kidogo kidogo vidondokee kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, feni inavuta hewa, na moto unawaka wenyewe.

Unawaka wenyewe: hivyo ndivyo alivyowaambia aliyewauzia. Dancille alicheka kila alipoyakumbuka maneno hayo.

“Dada Josefina, hii kitu ni sawa na mtoto mchanga,” aliniambia. “Inakula, inakunya, inataka kupanguswa.”

Kila Jumamosi walilizima, wakasubiri lipoe, kisha wakalisafisha. Désiré alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha malori, kwa hiyo mara nyingi kazi hiyo ilimwangukia mkewe. Alikwangua kikombe kwa bisibisi ya zamani, akazibua matundu moja moja, akapitisha brashi kwenye njia za moshi, akachota majivu na kuyatia kwenye ndoo ya bati, maana ya plastiki iliwahi kuwayeyukia. Aliusoma moto kupitia kile kioo. Moto mweupe wenye haraka ni mzima. Moto wa rangi ya chungwa, mrefu, mvivu, unaopaka kioo masizi, umekosa hewa. Maana yake kikombe kinaziba.

Dancille alizaliwa Uvira, Kongo. Alivuka ziwa akakaa kambini miaka mingi upande wetu wa Kigoma, na ndiyo sababu aliniita dada hata kabla hatujafahamiana. Hapa Sweden alihudumia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Uraia alikuwa hajapata, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Alichokuwa nacho ni kitabu cha kusafiria cha mkimbizi, ambacho ndani yake kimeandikwa kwamba kinafaa nchi zote isipokuwa Kongo.

Désiré alifariki Januari ya mwaka 2010, katika ile baridi kali ambayo watu bado wanaizungumzia. Aliinama kuzoa theluji mlangoni, hakuinuka. Moyo, walisema madaktari.

Kwa Dancille kulikuwa na neno moja tu la kuamua, na alilitamka siku ile ile ya kwanza, mbele ya wote: Désiré azikwe Södertälje. “Nipate pa kwenda,” alisema. Shemeji yake Zachariah, kaka mkubwa wa marehemu, aliyefika kutoka mji wa Sundbyberg na mkewe Denise, yeye alitaka mwili urudi Uvira ukalale na baba zao. Kwa sheria za hapa mjane ndiye wa kwanza kusikilizwa, na Emmanuella, binti wa Dancille na Désiré, alilisema hilo kwa Kiswidi, waziwazi, hadi mama yake akamfinya. Sheria ni ya serikali. Kilio ni cha watu, na Dancille alitaka kuzika na watu.

Kwa hiyo watu walikuja. Walijaza viti, wakajaza zulia, viatu vikapanda kama kichuguu mlangoni, na mlango haukufungwa. Kwao Uvira penye kilio huwashwa moto nje, watu huuzunguka, na hauzimwi hadi marehemu azikwe. Lakini kule mtu huzikwa kesho, au kesho kutwa. Hapa maziko husubiri wiki nyingi. Na kwa kuwa nje theluji ilifika magotini na jirani Mswidi angeita zimamoto, lile jiko la sebuleni likawa ndilo moto wa kilio. Hakuna aliyepitisha uamuzi huo. Waliligeuzia viti tu.

“Moto huu unaovutwa na umeme,” mzee mmoja alitania, “tunauota au tunautazama kama televisheni?”

Watu walicheka, wakaomba uongezwe. Ukaongezwa hadi mwisho. Jumamosi ya kwanza ilipita jiko halijazimwa. Ya pili ilipofika kioo kilikuwa cheusi, na kwenye kona iliyobaki wazi niliona ule moto wa chungwa ukijivuta. Dancille aliuona kabla yangu. Aliinuka mkekani, mahali pa mjane, akaenda jikoni akarudi na ndoo ya bati na brashi.

“Mama Emmanuella, unaenda kufanya nini?” Zachariah aliuliza.

“Kuisafisha, kaka. Inazimwa kidogo, inapoa, naiwasha tena. Kabla chai haijaisha mtakuwa na moto.”

“Moto ya kilio haizimwake.”

“Hii si kuni, kaka. Nisipoitoa majivu itajizima yenyewe.”

“Ndugu yangu iko mochwari, hajaingia udongoni, na wewe unataka kuzima moto yake?”

Denise alikuwa anamenya viazi. Hakuinua hata uso. “Kuna wanawake,” alisema, kana kwamba anaviambia viazi, “wanakuwa na haraka ya kufagia majivu ya bwana.”

Mmoja wa wanawake akatoa mguno wa kukubali. Mimi nikasema, “Shemeji Zachariah, mwache. Hata Désiré mwenyewe alilizima kila wiki.”

“Mwalimu,” alinijibu kwa adabu yote, kwa maana mimi huwafundisha watoto wao Kiswahili shuleni, “wewe ni mutu ya Tanzania. Kilio yetu utuachie.”

Dancille alisimama na ndoo yake. Nilijua anapima nini. Akilizima, Zachariah angesema mbele ya watu wote kwamba mke amekata kilio cha ndugu yao, na mke aliyekata kilio nani atamsikiliza akitaja mahali pa kaburi? Akirudisha ndoo, pengine kaburi atapewa. Aliirudisha ndoo jikoni. Akaketi mkekani, akaficha mikono ndani ya kitenge.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, wakati wa chakula cha mchana, watu walikuwa wanaimba. Harufu ya moshi ilitangulia. Kisha jiko likalia, sauti nyembamba ile ile linayotoa tangi likiisha, ila tangi lilikuwa limejaa. Feni ikavuma peke yake. Nyuma ya kioo cheusi kitu chekundu kikapungua, kikapungua tena, kikaisha. Wimbo ukafia mdomoni mwa mmoja, kisha wa mwingine.

Zachariah aliinuka polepole. Sidhani kwamba aliigiza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa.

“Mumeona?” alisema. “Mumeona wote? Chakula ya moto imejaa, na moto imekatala.”

“Ni kikombe, kaka,” Dancille alisema. “Kimeziba. Nilikuambia jana.”

“Désiré anasema hapa hapana. Hii inchi ya baridi hapana. Anataka kwao.”

“Ni majivu! Emmanuella, leta bisibisi, niwaonyeshe.”

Aliufungua mlango wa jiko likiwa bado la moto, akaungua vidole, akaking’oa kile kikombe kwa kitambaa na kukiweka sakafuni mbele yao. Matundu yote yalikuwa yamezibwa na majivu yaliyoyeyuka na kuganda kama kioo cheusi. Alikigeuza ili waone. Wachache walitazama. Wengine walitazama pembeni, kwa aibu ile tunayoiona maiti ikiachwa wazi.

“Mjane anakoroga majivu kwenye kilio,” Denise alisema taratibu. “Mungu atusaidie.”

Emmanuella alianza kupayuka kwa Kiswidi, kwamba ni mama anayeamua, kwamba wote wangeweza kwenda makwao. Maneno yake yalipita juu ya vichwa vya wazee. Dancille aliwatazama watu mmoja mmoja, wanawake aliowazalisha kambini, wanaume waliokula kwake kila Krismasi, akingoja mmoja aseme, ni majivu kweli. Hakuna aliyesema. Neno langu lilikwisha kuhesabiwa kuwa la mgeni.

“Mpelekeni basi,” alisema. Akaokota kikombe, akaenda kukikwangua jikoni. Alipokirudisha, jiko likawaka mara ya kwanza, moto mweupe, wa haraka. Watu waliuota hadi mwisho wa matanga, na hakuna aliyeuliza ulikuwa umepona vipi.

Mwili uliondoka kwa ndege, na Zachariah pamoja nao, kwani yeye ana pasipoti ya hapa. Dancille alibaki na kitabu chake chenye nchi zote isipokuwa moja. Siku ya maziko walimpigia simu, wakaishika karibu na kaburi. Alisikia upepo na kikohozi cha mtu, kisha laini ikakatika.

Mwezi wa tano Zachariah alimletea picha. Nilikuwepo. Picha zilionyesha umati, jeneza, umati tena.

“Kaburi liko upande gani wa barabara, kaka?” Dancille aliuliza. “Upande wa ziwa, au wa mlimani?”

“Pale tu... karibu na miti.”

“Miti gani?”

“Shemeji, watu walikuwa wengi. Jua kali. Tulirudi mbio, kulikuwa na fujo ya askari njiani.” Akanywa chai. “Amezikwa vizuri. Amepumzika.”

Dancille alizipanga picha, akamshukuru kwa safari, akamwongezea chai. Mgeni alipoondoka, Dancille alinisindikiza hadi kituo cha treni. Tulitembea kando ya bustani za Waswidi waliokuwa wanapanda maua.

“Dada,” alisema tulipofika, “na kama kweli Désiré alikataa hapa?”

“Dancille. Wewe ndiye uliyekishika kile kikombe.”

“Nilikishika, ndiyo. Hata ngozi yangu ilibaki pale.” Alivitazama vidole vyake. “Najua ni majivu. Lakini walikuwa watu wengi mno, dada, na mimi nilikuwa mmoja.”

Treni ilikuja. Nilipanda, na kupitia dirishani nilimwona akigeuka kurudi nyumbani.