Marehemu Hatoki Kwenye Mfumo

Mkuu wa takwimu za utafiti chuoni kwetu hufuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya tai yake, kisha huilaza tai kifuani kama mtu aliyemaliza kazi nzito. Tafiti zenyewe hazisomi. Yeye huzihesabu tu. Idadi ikipanda hupiga mluzi, ikishuka hata salamu haitikii. Juzi alikuja mjane wa profesa wetu wa sayansi ya udongo, simu ya marehemu mkononi. Mfumo wa chuo wa kuhesabu tafiti ulikuwa bado unamkumbusha mumewe ajaze machapisho yake ya mwaka. "Naomba mumtoe, kaka," alisema. "Kila ujumbe ukiingia, mwanetu mdogo ananiuliza kama baba amerudi kazini." Mkuu alimvutia kiti, akampa pole kwa sauti laini ya mhubiri. "Ila nikimtoa sasa hivi, mama, idara nzima inaporomoka. Mzee ndiye aliyekuwa anatubeba." Akasogea karibu zaidi. "Hivi hakuacha chochote ambacho hakijakamilika?"

"Ameacha watoto," mjane alijibu.

Mkuu akaweka vidole juu ya kibodi, tayari kuandika. "Wako idara gani?"