Mama Alisema Isitoke, Mimi Nikasema Amekubali

Admin, tafadhali nifiche, watu wa Kibera wananijua. Mimi ni msichana wa miaka 26. Naishi Kawangware, steji ya 56, lakini nimezaliwa na kulelewa Kisumu Ndogo, humo humo Kibera. Sina mtoto, sina bwana, na kwa sasa sina amani.

Mwaka jana alikuja mwongozaji wa filamu kutoka India, dada mmoja nitamwita Meera. Si mtu wa jina kubwa. Kwao alianza kwa kupiga video za harusi, akafundisha densi, akatengeneza matangazo ya sabuni, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Alitaka kufuata maisha ya mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi nikawa mkalimani wake. Siku moja aliniachia kamera, akaangalia nilichopiga, akaniambia nina jicho, kwamba hata yeye hakusomea hii kazi. Tangu hapo nikajua nataka kuwa nini.

Nilimpeleka kwa jirani yetu wa Kisumu Ndogo anayeuza omena, tumuite Mama Akoth. Mamangu alipolazwa miezi miwili, ni yeye alinilisha na kuhakikisha nimeenda shule. Alikubali kurekodiwa kwa sababu yangu.

Siku ya mwisho, akikaanga omena, alianza kuongea Kijaluo polepole. Akasema kabla aolewe alizaa msichana huko nyumbani, akamwachia shangazi yake akakuja Nairobi, na hajawahi kurudi kumwona. Alilia. Mama Akoth alipopangusa uso kwa leso, Meera alikuwa ameshazima kamera. Mama akaniambia, "Hiyo msiweke kwa filamu. Mzee hajui. Watoto pia hawajui."

Nikamwambia, "Sawa, mama."

Meera akaniuliza amesema nini. Nilimweleza yote isipokuwa hayo maneno ya mwisho. Akauliza, "Amekubali tuitumie?"

Asubuhi hiyo alikuwa amesema filamu bado inakosa kitu cha kumgusa mtu, na ikikamilika jina langu litaandikwa kama msaidizi wake. Nikajibu, "Amekubali." Hakuna mtu alinilazimisha. Hata yale maandishi ya chini ya picha niliyatafsiri mimi.

Wiki iliyopita Meera alinitumia filamu. Imechaguliwa kwenye tamasha huko kwao. Jina langu liko. Nililirudia mara tatu, halafu nikazima simu nikalia.

Sasa anakuja kuionyesha Kibera, kwa ukumbi wa kanisa, Jumamosi ijayo. Mama Akoth ameshona nguo mpya na amealika wamama wa kanisa. Mzee wake anasema atakaa mbele.

Juzi nilienda kwake nikiwa nimeamua kusema ukweli. Akanipakulia ugali, akauliza kwa sauti ya chini, "Yale maneno mliyatoa?"

Nikasema, "Tuliyatoa, mama."

Akanishika mkono. "Nilijua wewe huwezi kuniangusha." Na nikakula chakula chake mpaka kikaisha.

Nikimwambia Meera, atajua nilimdanganya, na filamu yake ya kwanza iko mikononi mwa watu tayari. Nikimwambia Mama, sijui nitamwangalia vipi. Nikinyamaza, Jumamosi mzee wake na watoto watamsikia kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kijaluo, na hawatahitaji mkalimani.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini mniambie pia: kati ya hao wawili, niende kwa nani kwanza, na nikifika nianze kusema nini?