Gari Lililopimwa kwa Miguu ya Kaka

Ninavaa kiatu namba arobaini na sita, na sina wa kumlaumu. Kaka yangu mkubwa alivaa thelathini na tisa. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu, na kaka alipenda kutangaza mbele ya wateja kwamba mimi nilichukua fungu langu la miguu nikachukua na lake.

Gari lilikuja ndani ya makreti. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, vita vilipoanza kunukia, alimwachia kaka makreti manne kwa kumshukuru, maana kaka ndiye aliyekuwa akimtengenezea jenereta. Ndani mlikuwa na gari vipande vipande, la kujiunganishia mwenyewe: fremu ya vyuma, bodi nyepesi ya plastiki, usukani, pedali tatu. Injini haikuwemo. Tukaitoa kwenye gari kuukuu lililolala nyuma ya garaji yetu, pale Kilibula mjini Uvira, ambamo kuku walikuwa wakitagia. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, kwa hiyo tulitazama picha tu.

Kwenye garaji yetu hatukuwa na desturi ya kutumia mita. Fundi alipima kwa mwili wake: shibiri, kiwiko, unyayo. Basi kaka alikaa kwenye kiti, akanyoosha miguu, akaniambia nichore kwa penseli pale soli yake ilipogusa bati. Klachi, ambayo sisi tunaiita ambreyaje, hapa. Freni hapa. Mafuta hapa. Nikachora, nikatoboa, nikafunga boliti, na kiti nacho tukakifunga moja kwa moja kwenye sakafu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba gari huendeshwa na zaidi ya mtu mmoja. Lilikuwa kosa la kijinga, lakini natamani turudi tulifanye tena, yeye akiwa ameketi anaamuru, na mimi nimepiga magoti miguuni pake na penseli mdomoni.

Siku niliyojaribu kuliendesha, magoti yalinifika karibu na kidevu. Nilipokanyaga freni, nusu ya kiatu ilikanyaga mafuta, gari likaruka, likapita juu ya muhogo wa jirani uliokuwa umeanikwa kwenye turubai. Yule mama alitutukana mpaka sauti ikamkauka. Kaka alicheka hadi akakaa chini.

"Weye miguu yako inaomba kamio," akasema, yaani lori. "Hii iko gari ya batu."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Nilimwambia hilo si gari, ni kiatu chake cha tatu, avae mwenyewe. Nikamnunia siku tatu nzima, tukipeana spana bila neno. Siku hizo tatu ninazililia mpaka leo.

Siku ya nne alivuka mpaka kwenda Bujumbura kutafuta taa za mbele, kitu pekee kilichokuwa kimebaki. Aliniambia atarudi jioni, nami nikamjibu "sawa" bila kuinua kichwa. Mchana ule mpaka ulifungwa. Tulisikia risasi upande wa Kavimvira, penye mpaka, kisha kimya, kisha habari za kila aina, hii ikiikana ile. Sijamwona tena tangu siku hiyo.

Wiki zilipita. Kila asubuhi nililifuta gari vumbi, kwa sababu akirudi angelikagua. Mama yetu alikuwa Sange, kwenye shamba lake la mpunga, na nyonga yake mbovu haikumruhusu kutembea hata hadi sokoni. Mara tukasikia vita vimefika Kiringye na vinashuka kuelekea kwake. Mabasi madogo yakaacha kwenda huko. Wenye nguvu walikuja Uvira kwa miguu, na kila niliyemuuliza alisema amemwona mama, bado yuko kwake.

Nilibakiwa na gari la kaka tu la kumfuatia mama. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kukata bati na kuhamisha pedali. Niliendesha peku, vidole nimevikunja. Niliendesha nimekaa upande. Nilichukua viatu vyangu vya Jumapili nikavichonga kwa kisu. Kila mara freni na mafuta vilikwenda pamoja, na mara ya mwisho niliishia mtaroni. Katika barabara iliyojaa watu, gari la namna hiyo lingeua. Nilipoteza siku mbili, nikijua kwamba ninazipoteza za mama. Ukweli ni kwamba sikutaka kuzigusa zile alama za penseli. Pedali zikihama, gari halingekuwa lake tena, nami ningekuwa nimekubali jambo ambalo nyumbani hakuna aliyethubutu kulisema.

Siku ya tatu nilichukua msumeno wa chuma. Umeme haukuwepo, hivyo kuchomelea hakukuwezekana. Nilifungua boliti, nikakata bati, nikasogeza pedali zote mbele na kutenga mafuta mbali na freni. Msumeno ulipita juu ya penseli ya kaka. Nililia kwa sauti, wala sikujificha.

Nilifika Sange kabla ya saa sita. Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya gunia, amejifunga vitenge viwili. Nilimbeba nikamweka garini. Nyuma yetu, upande wa Kiringye, bunduki zilikuwa zinalia. Barabara ilijaa watu, magodoro kichwani, mbuzi, masufuria. Nikapiga honi, nikakanyaga mafuta, na gari likatii.

Mama aliinama, akatazama miguu yangu kwa muda.

"Umesukuma byuma," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mukubwa wako akirudia, miguu yake itafika?"

"Itafika."

Alinitazama. Ndiye aliyetuzaa wote wawili na kutununulia viatu tangu utotoni. Hakuhitaji kubishana nami. Akageukia dirishani.

"Basi enda pole pole," akasema. "Anaweza kuwa mu hii batu, tukamupita."

Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Tukaenda kwa mwendo wa wale waliokuwa wakitembea, bunduki zikiwa nyuma yetu, mama akitazama nyuso za upande wake, na mimi za upande wangu.