Salamu Niliyomnyima Shangazi

Watu wakiniuliza kama nimemsamehe shangazi, nawajibu hapana, na usingizi naupata vizuri tu.

Nina usonji. Baba alipofariki nilihamia Mkuyuni kwa dada yake, ndiye huyo shangazi, nikiwa msichana mkubwa wa miaka ishirini. Siku wageni walipokuja kumposa binti yake, aliniambia nikae stoo mpaka waondoke. "Wakikuona watasema ukoo wetu una ugonjwa." Mlango hakuufunga. Alijua nikiambiwa kitu nakishika.

Mle stoo mlikuwa na magunia yake ya dagaa wa kuuza. Kwangu harufu ile ni kelele, inaingia kichwani na kugonga. Nikajifunika khanga puani, nikawa najitikisa mbele na nyuma, nikavumilia. Ningevumilia mpaka jioni. Lakini wanaoposa huwa wanachunguza, na sebuleni mzee mmoja akauliza kama ukoo una maradhi ya kurithi. Shangazi akasema hakuna. Mzee akaulizia watoto wa marehemu kaka yake.

"Hakuacha mtoto," shangazi akajibu.

Kufichwa nilishazoea. Ila baba alinilea peke yake tangu mama afariki, na sasa dada yake wa damu alikuwa anamfuta huku akiwapakulia watu sato. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka aadhirike, tena mbele ya wageni wale wale. Nikatoka.

Kusalimia nilifundishwa na baba. Macho ya watu yananiunguza, kwa hiyo aliniambia, "Tazama nyusi, mwanangu. Hawatajua." Nikapiga magoti mbele ya mgeni mmoja mmoja, nikatazama nyusi. Shikamoo babu. Shikamoo mama. Wakaitikia kwa furaha, na yule mzee akauliza mimi ni binti wa nani.

"Wa marehemu kaka yake," nikasema. "Yule ambaye hakuacha mtoto."

Sebule nzima ikamgeukia shangazi. Nilifurahi, sitaficha. Shangazi nilimfikia wa mwisho. Nikasimama wima mbele yake, nikamtazama machoni kabisa. Yaliniunguza, sikuyakwepa. Sikusema kitu.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akitabasamu meno yote nje.

Mzee akaweka kikombe chake chini.

"Lakini mama," akasema, "binti hajakusalimia."