Hesabu za -ana

Mwenzangu wa utafiti wa hesabu alitaka tuseme "tensa linganifu," kama kamusi inavyoelekeza. Nilikataa katakata. Tulikuwa kibarazani kwa shangazi yangu, Ngarenaro, mafundi wa kuchomelea wakitupigia kelele ng'ambo ya barabara, na nikamwambia neno hilo halina damu.

"Tuziite tensa za -ana," nikasema.

Akacheka mpaka akamwaga chai. Yeye Mchaga, mimi Mmeru wa Maji ya Chai, Kiswahili tumekikuta shuleni; lakini -ana naijua. Ukisema mama anampenda baba, hujasema kama baba naye anampenda mama. Ukisema wanapendana, mtangulize yeyote, maana ni ileile. Tensa ni namba zilizopangwa kwa majedwali yaliyobebana, na zetu ndivyo zilivyo. Chukua kreti za soda zilizopangwa juu kwa juu, kila chupa na namba yake, na kila chupa uitaje kwa mstari, safu na ghorofa. Zikiwa za -ana, zibadilishe nafasi hizo tarakimu tatu unavyotaka, namba utakayoikuta haibadiliki.

Sisi tulishughulika na aina moja ya pekee: ukizipa namba zisizo hasi, nazo hazikurudishii hasi kamwe. Wanaotafuta suluhisho bora kwa hesabu wanazihitaji, maana zinawahakikishia kwamba wanakoshuka kutafuta thamani ndogo kabisa kuna chini. Tulitaka kuonyesha kuwa kundi fulani la tensa lote ni la aina hiyo. Kikabaki kipengele kimoja, kigumu kama mpingo, na hapohapo akapata nafasi ya kusoma Ulaya.

"Tutamalizia kwenye simu," akaniambia. "Nikirudi tunaichapisha makala wote."

Nilimkumbuka vibaya sana, sifichi. Nikitoka kanisani nikauona Meru umejifunua wote, hasira zilinipanda: mlima unajionyesha kwa watu wasiouulizia! Nikipika mtori wa ndizi, napika wa watu wawili. Akipiga simu anauliza mvua, anamuulizia shangazi, kisha tunarudi kwenye kipengele chetu. Moyoni nilifurahi kwamba hakijatatulika. Kikishatatulika tutaongea nini?

Juzi kikaachia. Nilikuwa namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, nikaiona njia yote mpaka mwisho. Nikampigia hata kabla ya kunawa.

"Kimekubali!" nikapiga kelele.

"Hongera sana, dada."

Dada! Miaka yote ile hajawahi kuniita dada.

"Mimi nimepata kazi huku," akaendelea, kwa upole kabisa. "Makala weka jina lako tu. Umeifanya wewe."

Nikamwambia yaandikwe majina mawili, litangulie lolote, kwangu ni sawa. Kisha akasema anaitwa kwenye kikao.

Makala nimeimaliza. Pale pa waandishi nimeandika jina langu, nikaweka "na." Sijaituma.