Ghorofa Mbele ya Mwezi

Rafiki yangu, nina hasira, na nimejaribu kungoja itulie ndipo niandike, nikashindwa. Kazi yangu unaijua: natunga vitabu vya watoto kuhusu anga za juu. Kila asubuhi, baada ya swala na chai ya maziwa ya ngamia, naketi mezani hapa mtaani kwetu Kiwanjani, nafungua kompyuta, na kabla stima haijapotea nimeshafika Mirihi na kurudi. Siku roketi inaporushwa, popote pale duniani, jikoni kwangu lazima kitu kiungue, maana macho yangu yako kwenye skrini. Wiki hii nilipaswa kumaliza sura ya mwezi. Naandika sentensi, naifuta, kwa sababu kila nikiinua macho dirishani naliona lile ghorofa.

Lilipo sasa palikuwa na uwanja. Haukuwa na uzuri wowote wa kupiga picha. Ulikuwa na vumbi, mbuzi, miiba, na lori bovu la jirani ambalo sisi watoto tulilifanya nyumba yetu. Akoo, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, alikuwa na boma lake pembeni, na jioni ungemkuta amechutama akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Moshi ule ulituingia hadi kwenye nywele. Darasani mwalimu alijua nani analala kwa Akoo bila kuuliza.

Jioni Ramadhani ilipokaribia kwisha, mtaa mzima ulitoka kuutafuta mwezi wa Idi. Tulifungua saumu kwa tende palepale uwanjani, tumeelekea upande wa Burat ambako jua linazama, wazee mbele, akina mama nyuma yao, watoto juu ya lori. Tangazo kutoka Nairobi lingekuja kwa redio, hilo kila mtu alilijua. Lakini Akoo hakulitaka. "Redio haina macho," alisema. Sufuria yake ya samli ilikuwa tayari jikoni na buni, zile kahawa tunazokaanga na kutafuna siku ya sherehe, zimeoshwa, ila hakuna buni iliyoingia kwenye samli mpaka mtu wa Kiwanjani, mtu tunayemjua yeye na mama yake, aseme ameuona mwezi.

Mwaka mmoja mtu huyo alikuwa fundi cherehani. Kulikuwa na vumbi jingi angani, na mzee wa watu akaruka juu na kuapa, "Wallahi ule pale, naona unang'aa!" Akina mama wakapiga vigelegele. Buni zikaingia kwenye samli, zikapasuka, harufu ikatanda mtaa mzima, watoto tukaanza kugombania mahali pa kulala ili tuamke mapema tuvae nguo mpya. Kisha vumbi likashuka, na kile kilichokuwa kinang'aa kikabaki peke yake, kidogo na duara, hakina pembe wala upinde. Ilikuwa sayari ya Zuhura. Akoo alicheka mpaka akakaa chini. Buni zilizokaangwa hazirudi mbichi, kwa hiyo tulizitafuna zote, na kesho yake watu wakafunga tena. Fundi yule aliitwa Baba Zuhura hadi anaingia kaburini.

Usiku ule Akoo alinielekeza kwa kidevu. "Ile ni nyota. Kesho utaikuta karibu na hapo hapo. Mwezi mchanga hauna subira hiyo." Kesho yake nikaikuta. Keshokutwa pia. Nikawa naenda uwanjani kila jioni kuikagua kama mtu anayechunga mbuzi wake, na kuitafuta angani sijaacha mpaka leo. Kila kitabu nilichoandika kilianzia pale.

Sasa niambie, ningewezaje kunyamaza? Uwanja ulikuwa wa umma. Siku moja mabati yakazungushwa, siku nyingine matingatinga, na tulipoitwa barazani tajiri mwenye ghorofa hakuja, alimtuma kijana mwenye viatu vinavyong'aa kutuambia maendeleo hayazuiliki. Nilisimama. Nilisema hapa ndipo tunapoutazama mwezi. Watu wakacheka. Waliocheka walikuwa wenzangu wa juu ya lori, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Jirani yangu muuza miraa, mama kutoka Meru ambaye simlaumu, alisimama akanijibu, "Mama ya vitabu, wewe unaangalia juu, mimi naangalia mahali ya kuweka meza yangu. Hii jua imenichoma mpaka nimechoka." Walimwahidi kibanda chini ya ghorofa. Hajapewa. Bado yuko juani, ila sasa yuko juani kando ya barabara.

Juzi Ramadhani ilipokuwa inaisha, nilimshika binti yangu mkono tukaenda hadi kwenye lango la ghorofa. Ana umri niliokuwa nao mimi mwaka wa Baba Zuhura. Nilimwomba mlinzi atupandishe juu kwenye paa, dakika chache tu.

"Salaam aleikum. Tunataka kuona mwezi."

"Aleikum salaam, mama. Juu ni ya wapangaji peke yake."

"Mwezi nao ni wa wapangaji?"

"Mimi nimewekwa hapa tu, mama. Usinikosanishe na wenyewe."

Tulisimama nje ya lango, ukuta mbele yetu, mbingu nyekundu pande zote mbili za ukuta na katikati saruji. Kisha kipaza sauti cha msikiti kikatangaza: mwezi umeonekana, kesho ni Idi. Watu walipita wakipeana mikono na kukimbilia madukani, hakuna aliyeinua shingo.

Binti yangu alinivuta nguo. "Mama, nani ameuona?"

"Watu," nikasema.

"Watu gani?"

Naweza kumweleza mtoto yule jinsi chombo kinavyouzunguka mwezi na kurudi salama. Lakini nilitazama mtaa mzima, mlango kwa mlango, na sikupata jina hata moja la kumtajia.